Kungoja Maji: Namna ya Kuwatambua na Kuwapiga Picha Ndege Wahamao Mjini Dar es Salaam

Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Aprili, fukwe, mikoko, nyaya za umeme na bustani za Dar es Salaam hukaliwa na ndege ambao hawakuzaliwa Tanzania na hawatajenga viota Tanzania. Hao ni ndege wahamao, yaani ndege ambao kila mwaka husafiri kutoka mahali wanapozalia hadi mahali pa kupitishia msimu usio wa kuzaa, kisha hurudi walikotoka. Wengi wao huzaliwa Ulaya, Siberia na Asia ya Kati, ambako majira ya baridi hugandisha ardhi na maji na kuwaondolea wadudu na minyoo wanaowategemea kwa chakula, na wachache hutoka katika pwani za Oman, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Majira ya baridi ya huko kaskazini huangukia miezi ya vuli na kaskazi huku Pwani, wakati jua ni kali na matope ya ufukweni yamejaa kaa, chaza wadogo na minyoo.

Mkazi wa jiji anaweza kudhani kwamba kuwaona ndege wa namna hii kunahitaji gari, kiingilio cha hifadhi na lenzi ya mamilioni ya shilingi. Ukweli ni kwamba baadhi ya mahali pazuri kabisa pa kuwatazama pamo katikati ya jiji, hatua chache kutoka kituo cha daladala, na kwamba kinachomtofautisha mtu anayepata picha nzuri na yule anayerudi na picha za mikia inayokimbia si bei ya kamera bali ni kujua maji yatakuwa wapi, jua litakuwa upande gani, na kukubali kukaa mahali pamoja. Ndege aliyefuatwa hugeuka na kuondoka, ilhali ndege aliyengojwa huja mwenyewe. Ushauri unaotolewa hapa unaihusu Dar es Salaam zaidi, lakini msomaji wa Tanga, Unguja au Mombasa anaweza kuufuata karibu wote, kwa sababu nyakati za maji kujaa na kupwa katika miji hiyo hazipishani sana.

Mahali pa kuanzia ni mdomo wa Mto Msimbazi, eneo lililo kati ya Upanga na Oysterbay ambalo huvukwa na Daraja la Selander na, upande wa baharini, Daraja la Tanzanite lililoanza kutumika mwaka 2022. Mto huo hushusha udongo na mabaki ya mimea, mikoko huyazuia, na maji yanapokupwa huachwa tambarare ya tope na mchanga ambayo hutanuka mamia ya mita kuelekea baharini. Tambarare ya namna hiyo ni ghala la chakula kwa ndege wa pwani, kundi ambalo wataalamu hulijumuisha pamoja kwa sababu ya miguu mirefu na midomo iliyoumbwa kwa ajili ya kuchokoa tope. Ni jambo la kusikitisha kwamba mto huohuo hubeba pia majitaka na plastiki za jiji zima, na mtu anayejali ndege hawa hawezi kuutazama mdomo wa Msimbazi bila kuona kwamba afya ya ndege wa Siberia inategemea kwa sehemu mfereji wa Jangwani, bonde ambalo mto huo hulipitia. Mbali na hapo pako Kunduchi na vijito vyake vya mikoko, fukwe za mchanga kama Coco, na eneo la soko la samaki la Feri, ambako shakwe na buabua huzunguka wakitafuta mabaki ya samaki na kugombana na kunguru wa Kihindi, ndege ambaye aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa amejaa pwani nzima.

Katika mambo yote ambayo mpiga picha wa ndege wa pwani hulazimika kujifunza, la kwanza na lenye faida kubwa ni mwendo wa maji. Bahari ya Dar es Salaam hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kidogo, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo na sehemu kubwa ya tope haifunuliwi wala haifunikwi kabisa. Maji yakiwa yamekupwa, ndege hutawanyika mbali, wengine wakawa nukta tu kwa mtu aliyesimama barabarani, na kuwafuata huko ni kazi bure, kwa kuwa tope humzamisha mtu hadi magotini na ndege humwona kabla hajapiga hatua ya kumi. Maji yanapoanza kurudi, hali hubadilika: ukanda wa tope huzidi kuwa mwembamba, ndege husukumwa kidogokidogo kuelekea ufukweni, na kwa saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa huwa wanakula kwa pupa karibu kabisa na nchi kavu, wakimpita mtu aliyetulia kama vile ni kigogo kilichotupwa na mawimbi.

Hapo ndipo Dar es Salaam inapompa mkazi wake zawadi ambayo miji mingi haina. Katika siku za bamvua, maji ya pwani hii hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni, na utaratibu huo hurudi kila bamvua bila kubadilika sana. Kwa kuwa pwani ya jiji inaelekea mashariki na kaskazini-mashariki, mtu anayetazama bahari asubuhi hupigwa na jua machoni na kila ndege humwonekea kivuli cheusi, lakini kuanzia saa 8 mchana jua huwa limehamia nyuma yake na kuwaangazia ndege kutoka mbele. Kwa hiyo, mchana wa bamvua, maji huwaleta ndege ufukweni wakati uleule ambao mwanga unazidi kuwa laini na umekaa upande ufaao. Mtu mwenye nafasi ya kutoka mara mbili tu kwa mwezi na achague siku ya mwezi kuandama na siku ya mwezi mpevu, au siku moja baada yake, afike saa 8 mchana, na aketi. Majedwali ya maji huchapishwa na mamlaka za bandari na hupatikana pia katika programu za simu, ingawa mvuvi yeyote wa Msasani au Kunduchi anajua kwa kuhesabu umri wa mwezi, na akina mama wanaochokoa pweza wanajua zaidi ya hayo, kwa sababu wao huwaona ndege hao wakila kando yao miaka nenda miaka rudi. Kuwauliza wao kwa heshima ndiko kunakompa mgeni fungu la mchanga ambalo ndege hulikimbilia mwisho.

Adui ambaye wanaoanza huwa hawamtilii maanani ni mvuke wa joto. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, tope na mchanga huwa na joto kali, hewa iliyo juu yake hupanda na kutetema, na picha yoyote inayopigwa kwa mbali kupitia hewa hiyo huwa kana kwamba imelowa, hata kama lenzi ni ya bei gani. Watu wengi hulaumu kamera zao kwa kosa ambalo ni la saa waliyoichagua.

Kuhusu kuwatambua ndege wenyewe, ni vyema msomaji aelewe mapema kwamba wengi wa ndege wa pwani, wakiwa huku, huvaa manyoya ya msimu usio wa kuzaa, ambayo karibu yote ni ya kijivu juu na meupe chini. Rangi, ambayo ndiyo humvutia mtu kwanza, husaidia kidogo tu. Kinachosaidia ni umbo la mdomo, urefu na rangi ya miguu, na zaidi ya vyote, namna ndege anavyotafuta chakula. Sululu (Numenius phaeopus) hujulikana kwa mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini na mistari ya rangi ya hudhurungi kichwani, hutembea taratibu akiingiza mdomo katika mashimo ya kaa, na sauti yake ya mlio mfululizo husikika mbali. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda chini kidogo (Calidris ferruginea) huzaa katika nyika za Aktiki huko Siberia, na huku hula kwa makundi, akidungadunga tope bila kuinua kichwa. Chamchanga mwingine (Xenus cinereus) amepinda mdomo kuelekea juu, ana miguu mifupi ya rangi ya manjano iliyokolea, na hukimbia huku na huko ameinama kama anayemfukuza mtu asiyeonekana. Chamchanga mweupe (Calidris alba) hapendi tope bali hukaa kwenye fukwe za mchanga, ambako hulifuata wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja. Mguu wake hauna kidole cha nyuma, tofauti na chamchanga wenzake, na picha safi ya miguu yake inatosha kumaliza ubishi. Ndege mwingine wa kijivu mwenye mdomo mfupi mnene (Pluvialis squatarola) husimama, hukimbia hatua kadhaa, kisha husimama tena akitazama. Anaporuka huonyesha makwapa meusi, alama ambayo hakuna ndege mwingine wa pwani hii anayefanana naye aliye nayo, na kwa sababu hiyo inafaa kumpiga picha anaporuka hata kama picha haitakuwa ya kupendeza.

Kati ya wote, anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni ndege mla kaa (Dromas ardeola), mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, na mdomo mweusi mnene ambao ni kama umekusudiwa ndege mkubwa kuliko yeye. Huyu hakimbii theluji. Huzaa katika fukwe na visiwa vya mchanga vya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, ambako huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, na joto la ardhi husaidia kuliatamia, jambo lisilojulikana kwa ndege wengine wa pwani. Baada ya kuzaa hushuka kwenye pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska, kwa hiyo njia yake inakaribiana na ile iliyotumiwa na majahazi ya Oman kwa karne nyingi. Mtu anayetulia karibu na kundi la ndege hawa kati ya Oktoba na Januari ataona ndege wa kijivu, mkubwa sawa na wenzake, akimfuata mkubwa mmoja kwa ukaribu huku ameinamisha kichwa na kulialia bila kukoma, mpaka yule mkubwa amkimbilie kaa, amdonoe, na kumpa. Huyo ni kinda, ambaye bado analishwa na mzazi maelfu ya kilomita kutoka shimo alimozaliwa. Picha ya kaa akipita kutoka mdomo hadi mdomo ni ngumu, kwa kuwa tendo lenyewe huchukua muda mfupi sana, lakini dalili yake huonekana mapema: mzazi hukaza mwili na kukimbia kwa ghafla, na kinda huongeza kelele. Mpiga picha asimfuate kaa kwa lenzi. Amwelekee kinda, kwa sababu kaa ataletwa hapo. Makundi makubwa zaidi ya ndege hawa huonekana katika delta ya Rufiji, Mafia, na Mida Creek karibu na Watamu nchini Kenya.

Si ndege wote wahamao walio ufukweni. Mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica), mwenye uzito wa gramu 20 hivi, hukaa juu ya nyaya za umeme katikati ya mitaa, akiwa na koo la rangi ya matofali na mkanda mweusi kifuani, na kwa alama hizo mbili hutofautishwa na mbayuwayu wakazi, ambao baadhi yao wana koo jeupe na utosi mwekundu. Mtu anayemchunguza Januari atashangaa kuona ndege wengi wasio na ile mikia mirefu ya panda inayochorwa vitabuni, na mapengo katika mabawa yao. Hao hawaumwi, kwani mbayuwayu huyo hubadilisha manyoya yake ya kurukia akiwa Afrika. Keremkerem wenye mashavu ya buluu (Merops persicus) hutua kwenye nyaya na matawi makavu karibu na mikoko na mabwawa. Chole wa Ulaya (Coracias garrulus) hukaa kwenye nguzo katika viwanja vya wazi na hana nyuzi ndefu mkiani wala kifua cha zambarau kama mwenzake mkazi. Kwenye bustani zenye miti mikubwa, kama Bustani ya Mimea iliyo katikati ya jiji au eneo la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndege mdogo wa kijivu asiye na urembo (Muscicapa striata) hukaa wima kwenye tawi la nje, huruka kumdaka mdudu, kisha hurudi palepale, na tabia hiyo ya kurudi ndiyo inayomrahisishia kazi mpiga picha, ambaye analazimika tu kuelekeza kamera kwenye tawi na kungoja.

Mkazi wa Nairobi hana maji kujaa wala kupwa, lakini ana mabwawa ya kusafishia majitaka yaliyo mashariki mwa jiji, ambako bata wa Ulaya na Asia hukusanyika, ana Arboretum, ambamo ndege mdogo wa kijani-manjano (Phylloscopus trochilus) mwenye uzito wa gramu 10 hivi hupekua majani ya migunga, na mwezi Novemba na Desemba anaweza kuangalia juu na kuona kozi wa Amur (Falco amurensis) waliovuka Bahari ya Hindi kutoka India bila kutua. Chama cha Nature Kenya, ambacho asili yake ni jumuiya ya watafiti wa viumbe iliyoundwa mwaka 1909, kimekuwa kwa miongo mingi kikiendesha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na anayeanza hujifunza mengi zaidi katika matembezi machache ya namna hiyo kuliko katika mwaka mzima wa kusoma peke yake. Kwa kitabu, kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2002, bado kinategemewa, ingawa kimeandikwa kwa Kiingereza.

Vifaa visimtie mtu hofu. Kinachotangulia kamera ni darubini ya macho mawili, na iliyo bora kwa pwani ni ile iliyoandikwa 8x42, maana yake hukuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42, kiasi kinachoingiza mwanga wa kutosha bila kuwa na uzito wa kuchosha shingo. Mwenye simu tu anaweza kuiweka kamera ya simu kwenye kioo cha nyuma cha darubini iliyoegemezwa juu ya jiwe au mguu wa kamera, na kwa mazoezi kidogo akapata picha zinazotosha kumtambulisha ndege, hasa akipiga video kisha akachagua sehemu iliyotulia. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi atafute lenzi inayofika milimita 300 au 400, na si lazima iwe mpya. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, isipungue 1/500 ya sekunde kwa ndege aliyesimama, 1/1000 kwa chamchanga anayekimbia, na 1/2000 kwa ndege anayeruka. Tundu la lenzi liachwe kwenye f/5.6 hadi f/8, na ISO, ambayo ni kiwango cha kihisio cha kamera kuitikia mwanga, iachwe ijipange yenyewe, kwa kuwa picha yenye chembechembe hurekebishika na picha iliyotikisika haina dawa. Kamera hupima mwanga kwa wastani wa kila kinachoonekana mbele yake, na wastani huo hudanganya: ndege mla kaa aliye mweupe juu ya tope jeusi hugeuka kuwa doa lisilo na unyoya hata mmoja, na hapo mwanga upunguzwe kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua moja ya kipimo cha mwanga cha kamera, ilhali mbayuwayu wa kwenye waya dhidi ya anga jeupe huwa mweusi tii, na hapo uongezwe kwa hatua moja au zaidi. Jicho la ndege ndilo lilengwe. Picha inayopigwa mtu akiwa amechuchumaa au kulala juu ya mkeka, lenzi ikiwa karibu na usawa wa ndege, humtoa ndege katika ardhi na kumweka mbele ya mandhari yaliyofifia, na mabadiliko hayo hayagharimu chochote isipokuwa nguo kuchafuka. Chumvi ya bahari huharibu kamera polepole bila kuonekana, kwa hiyo kifaa kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila baada ya kutoka pwani na kihifadhiwe mahali pakavu.

Suala la umbali linahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo ambapo madhara hufanyika bila kukusudiwa. Ndege wa pwani anayejiandaa kurudi Siberia hujaza mafuta mwilini kiasi kwamba baadhi yao hukaribia kuongeza uzito wao mara mbili, na mafuta hayo ndiyo mafuta ya safari, hayana badala. Kila anaporushwa na mtu, mbwa au kijana aliyelipwa ili kundi zima liruke mbele ya kamera, hutumia sehemu ya akiba ambayo aliikusanya kwa kudunga tope mchana kutwa, na akirushwa mara nyingi katika saa za maji kujaa, wakati ambao hana pengine pa kwenda, hukosa hata usingizi. Dalili za kuwa mtu amefika mpaka ni wazi: ndege huacha kula, huinua kichwa, hugeuza mwili ubavu, na huanza kutembea kuelekea upande mwingine. Akiziona, mpiga picha asimame au akae chini, asinyooshe mkono, na ndege akirejea kula ndipo ajue kwamba amekubaliwa. Kucheza sauti za ndege kwa simu ili kuwavuta hakufai msimu huu wala hakuna maana, kwani hawako katika kuzaa. Na picha ya kundi lililofukuzwa, kwa mtu anayejua kusoma ndege, hujieleza yenyewe, kwa maana shingo zimekazwa na wote wameelekeza migongo kwenye kamera.

Jiji lina sheria na hatari zake. Barabara inayopita mbele ya Ikulu ya Magogoni, maeneo ya bandari, na kambi za jeshi si mahali pa kutoa lenzi ndefu, hata kama ndege aliyetua ukutani ni wa ajabu kiasi gani, na askari akiuliza ajibiwe kwa utulivu na aonyeshwe picha zilizomo. Ndege zisizo na rubani huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hata penye kibali huwatia ndege hofu kuliko mtu anayetembea. Katika fukwe zinazosimamiwa na wavuvi, ni adabu kujitambulisha kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufukwe kabla ya kukaa, na wachokoa pweza wasipigwe picha bila kuombwa. Inafaa kwenda wawili, mmoja akitazama ndege na mwingine akitazama mikoba, na anayekanyaga tope la Msimbazi avae viatu na aoshe majeraha kwa sabuni mara moja.

Picha iliyopigwa na kusahauliwa kwenye simu haina faida zaidi ya kumfurahisha aliyeipiga, ilhali ikiambatanishwa na tarehe, saa, mahali na idadi ya ndege huwa ni kumbukumbu ya kisayansi. Saa ya kamera irekebishwe kabla ya kutoka, kisha hesabu ziingizwe katika eBird, hazina ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa mwaka 2002 na Cornell Lab of Ornithology ya Marekani ambayo mtu yeyote huitumia bila malipo. Mwezi Januari huwa ni wakati wa Hesabu ya Kimataifa ya Ndege wa Maji, iliyoanza mwaka 1967, na hesabu ya mtu mmoja kutoka ufukwe mmoja wa Dar es Salaam hujaza pengo ambalo watafiti walio mbali hawawezi kulijaza. Ndege mwenye pete ya chuma au kibendera cha plastiki mguuni apigwe picha mara nyingi kwa pembe tofauti hadi namba na rangi zisomeke, kwa kuwa namba hiyo humwelekeza mtafiti kwenye mahali na siku ndege alipovalishwa.

Aprili ni mwezi unaopuuzwa kwa sababu ya masika, nao ndio mwezi wa rangi. Chamchanga yule wa Siberia mwenye mdomo uliopinda chini, aliyekuwa kijivu tangu Oktoba, huwa mwekundu wa matofali kuanzia kichwani hadi tumboni, na ndege mwenye makwapa meusi huwa mweusi usoni na kifuani kama aliyechovywa wino, kisha baada ya wiki chache tope huwa tupu. Mpiga picha na autumie mwanya wowote kati ya mvua na mvua katika mwezi huo. Hata hivyo, hawaondoki wote: baadhi ya sululu na ndege mla kaa wachanga, ambao hawajafikia umri wa kuzaa, hubaki pwani hadi ndugu zao warudi, wakiwa na manyoya yaliyochakaa na kufifia kiasi cha kumchanganya mtu aliyewazoea Desemba. Kumbukumbu za ndege hawa wa Juni na Julai ni chache kwa sababu watazamaji wengi huwa wameshaweka darubini kabatini, kwa hiyo anayepita Selander au Kunduchi wakati huo aandike idadi yao, apige picha ya mabawa yao yakiwa wazi, na aeleze hali ya manyoya pamoja na tarehe.